Kabla hujalipa kodi, uliza kisima cha ploti kilipimwa lini

Ukisaka keja Nairobi siku hizi, kuna sentensi moja ambayo kila ajenti ameikariri: "Maji si shida hapa, tuko na kisima chetu." Anaisema huku akikufungulia mfereji wa jikoni. Maji yanatoka kwa kishindo. Na wewe uliyetoka mtaa ambako maji ya kaunti huja Jumanne usiku pekee, tena kwa kusuasua, unaona umefika Kanaani. Hapo hapo unatoa simu, unatuma kodi.

Mimi pia nilituma. Ploti yenyewe ilikuwa Eastlands, orofa tano, kisima kikiwa nyuma kando ya ukuta. Wiki ya pili maji yakaanza kunuka yai viza. Si harufu ya kuvumilia. Ukioga asubuhi unapanda matatu ukijishuku, unachunguza kama aliyekaa kando yako anafungua dirisha. Nikamuuliza msimamizi wa ploti. Akacheka. "Hayo ni madini tu, kijana. Maji ya kutoka chini kabisa hayana uchafu."

Orofa ya chini kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minane. Mvua ikinyesha sana, mtoto anaharisha. Ikipita wiki mbili anapona, mvua ikirudi anaanza tena. Siwezi kukuambia kwamba ni maji yaliyomfanya vile. Na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: hakuna mtu katika ploti nzima aliyeweza kuniambia kwamba si maji. Kisima kilichimbwa, pampu ikafungwa, tangi likapandishwa juu, na kama kuna aliyewahi kupeleka hata chupa moja kwenye maabara, majibu alikaa nayo mwenyewe.

Leo nataka tuongee kuhusu hayo "maji ya kutoka chini kabisa". Maoni yangu ni rahisi: neno kisima si cheti cha usalama. Kule chini kuna mtaa mzima wa viumbe hai, na wakazi wake hubadilisha tabia kila tunapobadilisha hali yao. Kipimo cha mwaka ambao kisima kilichimbwa hakikuambii chochote kuhusu maji unayokunywa leo. Kwa hivyo kama unalipa kodi, una haki ya kuona majibu ya sasa.

Tuanze na hao wakazi.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba maji ya ardhini ni kama tangi lililofungwa: yako tuli, safi, hayana uhai. Si kweli. Mililita moja tu ya maji ya ardhini huweza kuwa na maelfu hadi mamia ya maelfu ya bakteria. Na wengi zaidi hawaelei majini, wamejishikilia kwenye mchanga na nyufa za mawe wakiwa wamejifunika utando wa utelezi, ule ule unaouhisi ukipitisha kidole ndani ya mtungi uliokaa na maji muda mrefu. Wanasayansi waliposhuka kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, walipata bakteria anayeishi kilomita 2.8 chini ya ardhi, bila jua, bila oksijeni, akitegemea nishati inayotokana na miale ya madini ya urani kwenye mwamba. Walitangaza ugunduzi huo mwaka wa 2008. Sasa kama kuna anayeishi huko, unadhani mita 200 chini ya Embakasi hakuna mtu nyumbani?

Swali muhimu ni hili: wanakula nini, na wanapumua nini?

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Sisi binadamu tukikosa oksijeni kwa dakika chache, kwisha. Lakini kule chini oksijeni ikiisha, bakteria wa aina nyingine huchukua zamu, wale wanaoweza kupumua kwa kutumia vitu vingine. Fikiria mwezi wako wa mshahara. Tarehe mbili unakula kuku na chipsi. Tarehe kumi ni chapati maharagwe. Tarehe ishirini ni sukuma wiki. Tarehe ishirini na nane ni strungi na mkate mkavu. Unashuka ngazi kulingana na kilichobaki mfukoni.

Bakteria wa ardhini nao wana ngazi yao. Kuku wao ni oksijeni. Ikiisha wanahamia nitrati. Nitrati ikiisha wanatumia manganizi na chuma, yaani ile kutu iliyojishika kwenye chembe za mchanga. Chuma ikiwaishia wanageukia salfati, na mwisho kabisa, wakiwa wamesota, kuna wanaotumia kaboni dioksidi na kutoa gesi ya methani. Mpangilio huu unajulikana vizuri katika sayansi ya maji, na ngazi hufuatwa karibu kila mahali kwa sababu moja: kila hatua ya chini inatoa nishati kidogo kuliko ya juu yake.

Na kila ngazi inaacha alama yake kwenye ndoo yako.

Ile harufu ya yai viza? Hao ni bakteria wanaopumua salfati. Wanachotoa ni gesi ya hidrojeni salfidi, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo sana. Maji yanatoka yakiwa meupe kabisa, unayaacha kwa ndoo usiku kucha, asubuhi yamekuwa rangi ya chai na shati lako jeupe la mahojiano limepata madoa? Hiyo ni chuma iliyoyeyushwa na bakteria kule chini kusiko na oksijeni, halafu ikakutana na hewa juu. Ule utelezi mwekundu ndani ya tangi? Ni bakteria wa aina nyingine, wanaojenga makao yao kutokana na hiyo hiyo chuma, na ndio huziba pampu na mabomba.

Kwa hivyo msimamizi wetu wa ploti alikuwa nusu sahihi. Harufu yenyewe kwa kiwango hicho kwa kawaida haiui mtu. Lakini haikuwa "madini tu". Ilikuwa ujumbe kutoka mtaa wa chini: huku oksijeni iliisha kitambo, na tumeshuka ngazi kadhaa. Mtu mwenye busara akipata ujumbe kama huo hacheki. Anauliza imeishaje, na ni nini kingine kimebadilika.

Kwani nini hubadilisha hali kule chini? Mara nyingi ni sisi.

Tukivuta maji kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, kiwango kinashuka. Mahali palipokuwa pamejaa maji panaingia hewa. Bakteria wapenda oksijeni wanaamka, wanashambulia madini yenye salfa ambayo yalikuwa yamelala bila kusumbuliwa, na maji yanaweza kuwa na asidi, chuma na salfati zaidi. Kisha mvua kubwa inarudi, maji yanapanda, hewa inakatika, na wale wapumua chuma wanarudi kazini. Sisi Wakenya tumeona pande zote mbili kwa muda mfupi: misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, halafu mafuriko ya 2024 ambayo hakuna aliyekuwa Mathare au Mai Mahiu atayasahau. Tuliona barabara zikizama na nyumba zikienda. Kilichokuwa kikitendeka mita chache chini ya miguu yetu hakuna kamera iliyokionyesha.

Halafu kuna vyoo. Choo cha shimo kinapochimbwa, kati ya sakafu yake na maji ya ardhini kwa kawaida kuna udongo mkavu kiasi. Udongo huo ni kama askari wa getini. Ndani yake maji hupita polepole, viini vya magonjwa vinanaswa, vinakosa chakula, vinaliwa na vijidudu wengine, na vingi vinakufa njiani. Lakini mvua kubwa inapopandisha maji, ule udongo mkavu unapungua au unaisha kabisa. Askari ameondolewa, geti liko wazi. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Kisumu, kwenye mitaa kama Manyatta ambako visima vifupi na vyoo vya shimo vimepakana, na Kisauni kule Mombasa ambako chini ni mawe ya matumbawe yenye matundu, wamekuwa wakikuta bakteria wa kinyesi ndani ya maji ya visima.

Unaweza kusema, sisi Nairobi visima vyetu ni virefu, hayo ni ya visima vifupi. Ni kweli kina kinasaidia. Lakini kisima kirefu kilichochimbwa ovyo ni bomba tu linalounganisha juu na chini. Kama fundi hakuziba vizuri kwa saruji pale mdomoni, maji machafu ya uani hayahitaji kupenya mita 200 za mwamba. Yanateremka kando ya bomba. Na hata maji yakitoka chini safi, bado yana safari ya tangi na mabomba kabla yafike kwenye glasi yako.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani nataka tuwatangazie bakteria vita. Wengi wao ni wafanyakazi wa usafi ambao hakuna kaunti inayowalipa. Ule mtaa wa bakteria wanaopumua nitrati, kwa mfano, huchukua nitrati inayotoka vyooni na kwenye mbolea na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa hewani, isiyo na madhara. Na wanakula hata mafuta. Mwaka wa 1979 bomba la mafuta lilipasuka karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, na takriban lita milioni 1.7 zikamwagika. Wanasayansi wamekuwa wakipachunguza tangu miaka ya themanini, na walichokuta ni kwamba bakteria wa pale chini wanayala mafuta hayo, polepole, wakishuka ile ngazi yetu hatua kwa hatua hadi methani.

Hizo ni habari njema. Lakini kuna bei. Karamu kubwa namna hiyo humaliza oksijeni yote, na bakteria wakihamia kwenye chuma, wanaachilia vitu vilivyokuwa vimeshikiliwa na hiyo chuma, ikiwemo sumu ya aseniki. Yaani kazi ya kusafisha uchafu mmoja inaweza kufungulia mwingine. Wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni, ambako bomba la mafuta lilivuja mwaka wa 2015, hawahitaji kufundishwa kwamba kilichomwagwa ardhini hakipotei. Nasi mijini tuna vituo vya petroli kila kona, na baadhi vimepakana ukuta kwa ukuta na ploti zenye visima.

Kama bado unaona hii ni hadithi ya maabara, nikupeleke Bangladesh.

Miaka ya sabini, watoto wengi kule walikuwa wakifa kwa kuharisha kwa sababu familia zilikunywa maji ya mabwawa na mito. Serikali na mashirika ya misaada, UNICEF ikiwemo, wakaja na suluhisho ambalo wewe na mimi tungelishangilia: visima vya bomba. Vikachimbwa kwa mamilioni. Maji yalikuwa safi kwa macho, baridi, bila viini vya kuharisha. Kila mtu akasema, maji ya kutoka chini hayana uchafu. Umeisikia wapi hiyo sentensi?

Mwaka wa 1993 aseniki ikagunduliwa katika visima vya Bangladesh. Uchunguzi mkubwa ulipofanywa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, zaidi ya robo ya visima vifupi vilivyopimwa vilipita hata kiwango cha nchi hiyo, ambacho ni mara tano ya kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watu walikuwa wamekunywa kwa miaka ishirini. Ngozi zikatoka madoa, viganja vikawa vigumu, wengine wakapata saratani. Wataalamu wameiita sumu iliyoathiri umati mkubwa zaidi wa watu katika historia.

Nani aliiweka? Hakuna. Aseniki ilikuwa imelala kwa maelfu ya miaka, imeshikiliwa na kutu ya chuma kwenye mchanga uliobebwa na mito kutoka milima ya Himalaya. Chini kulikuwa na mabaki ya mimea, chakula kwa bakteria. Oksijeni ikaisha, nitrati ikaisha, wakafikia ngazi ya chuma. Chuma ikayeyuka na aseniki ikaachiliwa ndani ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004, kwa kutumia udongo kutoka West Bengal, India, ulionyesha wazi kwamba bakteria ndio wanaoendesha kazi hiyo.

Na usifikirie kwamba kisima kikiwa safi leo kitabaki hivyo. Karibu na Hanoi, Vietnam, kuna kijiji kiitwacho Van Phuc. Jiji la Hanoi lilipanuka na kuvuta maji ya ardhini kwa nguvu hadi mwelekeo wa maji chini ya kijiji ukageuka. Yalikuwa yakielekea mtoni, sasa yanaelekea jijini. Maji yenye aseniki yameanza kusogea polepole kuingia kwenye tabaka lililokuwa safi. Wakazi wa Hanoi hawakumwaga sumu yoyote. Walifungua mifereji tu.

Sisemi Nairobi kuna aseniki kama ya Bangladesh. Ardhi yetu ni ya volkano, na kichwa chetu kinachojulikana cha muda mrefu ni floridi, ambayo inatoka kwenye mwamba wenyewe na ndiyo inayowapa watu wengi meno ya kahawia. Ninachosema ni kwamba kosa la Bangladesh si kuchimba visima. Visima viliokoa watoto. Kosa lilikuwa kupima kitu kimoja, kushangilia, na kutorudi kupima tena.

Najua majibu utakayopewa, kwa sababu nimepewa yote.

La kwanza: "Babu yangu alikunywa maji ya kisima hadi miaka tisini." Sawa, mzee wetu apewe heshima yake. Lakini kisima cha babu hakikuwa kati ya ploti nne zenye nyumba arobaini kila moja. Isitoshe, wenzake waliozikwa wakiwa watoto wachanga hawapo leo kutoa ushahidi.

La pili: "Chemsha tu." Chemsha, ndiyo, tafadhali chemsha. Moto unaua viini vya kipindupindu na vya kuharisha. Lakini moto hauondoi nitrati, floridi wala aseniki. Maji yakipungua kwa mvuke, hivyo vinabaki kwenye sufuria, tena vikiwa vimekolea zaidi. Huwezi kujua kama kuchemsha kunatosha mpaka ujue ndani kuna nini.

La tatu: "Tunaweka klorini." Vizuri, lakini nani anapima kama imetosha? Mji wa Walkerton, Kanada, ulikuwa na wakazi karibu 5,000, si watu maskini, na walikuwa na klorini. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikabeba bakteria wa kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Klorini haikutosha, na ikaja kubainika kwamba waliosimamia maji walikuwa wakiandika vipimo vya uongo kwa miaka. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Kama Kanada karatasi ya uongo iliua, sisi ambao hatuna hata hiyo karatasi tusijipige kifua.

La nne, na hili ndilo zito: "Kupima ni gharama, nikipandisha kodi msilie." Landilodi ana hoja. Si wote ni matajiri; wengine wamejenga kwa mkopo na wanalala macho kama wewe. Lakini tufanye hesabu. Gharama ya kupima chupa moja ikigawanywa kwa nyumba arobaini ni kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kwa bando la wikendi. Mkitembea kama chama cha wapangaji na landilodi akachangia sehemu yake, hakuna atakayefilisika. Kinachokosekana si pesa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kwa hivyo uliza. Na usiulize kama mtu anayeomba msaada. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote ikiwa zinahitajika kulinda haki fulani. Mtu mwingine yeyote, hata landilodi. Majibu ya maji unayokunywa si siri ya biashara.

Uliza mambo manne. Kisima kilipimwa lini mara ya mwisho? Kilipimwa na maabara gani? Kilipimwa bakteria na pia kemikali, au kimoja tu? Na kilipimwa msimu gani? Hili la nne watu husahau, ilhali umeona hapo juu kwamba maji ya kiangazi na maji ya baada ya masika si maji yale yale, hata yakitoka kwa bomba moja. Upande wa bakteria, kipimo ni rahisi kusoma: Shirika la Afya Duniani linataka kusiwe na bakteria hata mmoja wa E. koli katika mililita 100 za maji ya kunywa. Sifuri. Ukiona namba nyingine pale, hayo si maji ya kunywa bila kutibiwa.

Kwa kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ombi langu ni moja. Mnatoa vibali vya kuchimba; basi kibali kisiishie siku ya kuchimba. Kila kisima kinachouzia au kugawia watu maji kipimwe angalau mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na baada ya mvua kubwa, na majibu yawekwe wazi. Na kazi iko. Tuna vijana waliosomea mikrobiolojia na kemia wanaouza mitumba Gikomba kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Wapeni chupa, jokofu dogo na pikipiki. Kufikia jioni watakuwa wamezunguka mtaa mzima.

Kule Bangladesh, baada ya uchungu wote ule, walifanya jambo moja la maana sana. Walizunguka kijiji kwa kijiji wakipima visima kwa mamilioni, na kila kilichopimwa wakakipaka rangi mdomoni. Kijani, kunywa. Nyekundu, usinywe. Hakuna ripoti ya kurasa mia, hakuna tovuti iliyokwama. Hata mtoto asiyejua kusoma alijua ampelekee mama maji kutoka wapi. Na mara nyingi kisima chekundu na cha kijani vilikuwa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine.

Mimi nilihama ile ploti. Sikuhama kwa ushujaa, kazi ilinihamisha. Mama wa orofa ya chini nilimwacha pale pale, na mtoto sasa anatembea. Nilipokuwa nikitafuta nyumba mpya, ajenti alinifungulia mfereji kwa mbwembwe zile zile, maji yakatoka kwa kishindo kile kile. Nikamwambia asante, nimeona yako mengi. Sasa nionyeshe karatasi ya maabara.

Aliniangalia kama mtu aliyetoka sayari nyingine. Akasema katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna mteja aliyewahi kumuuliza swali hilo. Basi kesho uwe wa pili.